Ini haliulizi dawa imetoka wapi

Kiswahili kiliunganisha ini na hofu zamani sana. Mtu akiletewa habari ya kumvunja nguvu, husemwa kwamba imemkata maini. Siku hizi usemi huo umegeuka kuwa onyo la kitabibu. Mtu anayesumbuliwa na wasiwasi usiokoma, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio usiku wa manane, kifua kinachobana bila sababu inayoonekana, anaandikiwa dawa ya kumtuliza, na kabla hajameza kidonge cha kwanza anaambiwa na shemeji, jirani au ujumbe wa sauti uliozagaa kwenye simu kwamba vidonge hivyo "vinakula ini". Onyo hilo huja na ushauri wake: aachane na kemikali za hospitali, atafute kitu cha asili. Onyo naliheshimu, maana lina chembe ya ukweli. Ushauri ndio umekaa kichwa chini miguu juu. Kumbukumbu za utabibu za miaka zaidi ya 60 zinaonyesha kwamba dawa za wasiwasi zinazoogopwa sana ni miongoni mwa zile zinazoligusa ini kidogo kabisa, na mmoja wa mimea iliyouzwa kwa sifa ya upole na uasili unahusishwa na wagonjwa waliofikia hatua ya kupandikizwa ini. Anayepima usalama wa dawa kwa kuuliza tu kama imetoka kiwandani au shambani anapima kwa mizani isiyo na mawe.

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, na karibu kila kinachofyonzwa na utumbo hupitia hapo kwanza kabla ya kusambazwa mwilini. Humo mna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja kemikali na kuziandaa zitoke kwa njia ya mkojo au nyongo. Vimeng'enya hivyo havisomi lebo. Kemikali iliyotengenezwa maabara na kemikali iliyokamuliwa kutoka kwenye mzizi hupita mikononi mwa vimeng'enya vile vile, na wakati mwingine kipande kinachobaki baada ya kuvunjwa huwa kikali kuliko kitu kizima kilichomezwa. Ndivyo ilivyo kwa parasetamoli, kidonge ambacho hakikosekani nyumbani. Ukizidisha sana kipimo chake, kipande kimoja kinachotokana nacho humaliza akiba ya kinga ya ini na kuanza kuua seli zake, na hapo haijalishi wewe ni nani. Hiyo ni sumu inayotabirika, na ndiyo inayoongoza kwa kusababisha ini kushindwa kazi ghafla nchini Uingereza na Marekani. Madhara ya aina ya pili hayatabiriki. Mtu mmoja kati ya maelfu mengi, kwa sababu ya maumbile aliyorithi na namna kinga ya mwili wake inavyofanya kazi, humeza dawa kwa kipimo sahihi na ini lake likaikataa. Dawa za wasiwasi, pale zinapodhuru ini, hudhuru karibu zote kwa njia hii ya pili, na ndiyo maana mazungumzo kuhusu madhara hayo hujaa neno "huenda".

Tuanze na zile zinazolaumiwa zaidi. Mwaka 1960 kampuni ya Hoffmann-La Roche iliingiza sokoni Librium, dawa iliyogunduliwa na mkemia Leo Sternbach, na mwaka 1963 ikafuata Valium, ambayo jina lake la kitaalamu ni diazepamu. Hizi ni dawa za jamii ya benzodiazepini, na tangu hapo zimemezwa na mamilioni ya watu katika kila bara. Dawa inayotumiwa na watu wengi hivyo kwa muda mrefu hivyo haiwezi kuificha tabia yake. Kilichoandikwa katika majarida ya tiba ni visa vichache vilivyotawanyika vya ini kuumia, vingi vikiwa vidogo na vikaisha mgonjwa alipoacha dawa. Kuna jambo lingine ambalo ni la kweli na zito kuliko hilo, nalo linakwenda kinyume na uvumi: mara nyingi ini bovu ndilo linaloifanya dawa iwe hatari. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu hata kwa mtu mwenye afya, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayotuliza vilevile na inayoweza kubaki kwenye damu kwa siku kadhaa. Mtu ambaye ini lake limejaa makovu kutokana na pombe au homa ya ini huchukua muda mara mbili au zaidi kuitoa. Kidonge cha leo hukutana na cha jana na cha juzi. Mgonjwa husinzia mchana, huchanganyikiwa, huanguka, na pengine hupoteza fahamu. Familia ikiona hivyo husema dawa imemharibu ini, kumbe ini lilikuwa limeharibika kabla, likakosa nguvu ya kuiondoa dawa. Madaktari wanalijua hilo, na wakilazimika kumpa mgonjwa wa ini dawa ya jamii hiyo huchagua aina kama lorazepamu, ambayo mwili huiondoa kwa njia fupi isiyohitaji hatua zile ngumu za ini.

Najua pingamizi linalokuja hapa: kusema hadharani kwamba diazepamu haisumbui sana ini ni kuwafungulia watu mlango wa kuinunua kama pipi. Pingamizi hili ni la haki, kwa sababu dawa hiyo, ambayo kisheria huhitaji cheti cha daktari, tayari inawafikia watu wasio na cheti. Lakini kumtisha mtu kwa hatari isiyo ya kweli kunamfanya aikose ile ya kweli. Hatari kubwa ya benzodiazepini ni utegemezi. Ndani ya wiki chache mwili huzizoea, na mtu aliyezitumia kwa miezi akiziacha ghafla huweza kupata degedege linaloweza kumuua. Zikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, huzima pumzi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza uzito wa onyo lake kuhusu utegemezi huo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauzipendekezi kabisa kuwa tiba ya kudumu ya wasiwasi. Unapendekeza tiba ya mazungumzo na, panapohitajika, dawa za jamii ya fluoksetini na sertralini. Sasa mfikirie mtu aliyetumia diazepamu mwaka mzima, kisha akasikia kwamba inamla ini, akavitupa vidonge vyote chooni usiku ule ule. Uvumi uliokusudiwa kumwokoa ini umemweka kwenye hatari ya degedege. Hasara ya uvumi wa namna hii huangukia kwa mtu aliyekuwa na hofu tangu mwanzo, na hofu yake ndiyo iliyomfanya auamini.

Wapo wanaokataa kabisa kuziamini kumbukumbu za kampuni za dawa, na wana kisa cha kweli cha kuegemea. Nefazodoni, dawa ya sonona, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1994. Mapema mwaka 2002 ilibandikwa onyo kali kuliko yote, baada ya kuonekana kwamba katika kila miaka 250,000 hadi 300,000 ya matumizi, ukijumlisha wagonjwa wote, mmoja ini lake lilishindwa kazi hadi kufa au kupandikizwa jingine, kiwango kilichokuwa mara 3 hadi 4 ya kile cha kawaida katika jamii. Mwaka 2004 Bristol-Myers Squibb iliacha kuiuza Marekani. Ilichukua miaka zaidi ya saba kufikia onyo lile, na wapo waliokufa katika miaka hiyo. Sioni sababu ya kulipunguza jambo hilo. Ila inafaa kuuliza kwa nini ilichelewa, maana jibu lake halihitaji njama. Ili kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kuona walau mgonjwa mmoja wa tatizo linalompata mtu 1 kati ya 10,000, lazima uwafuatilie watu 30,000. Majaribio ya dawa mpya huwa na watu elfu chache tu. Madhara adimu hayawezi kuonekana hapo hata mtafiti awe mwaminifu kiasi gani. Huonekana baada ya dawa kuingia mitaani, na huonekana tu kama daktari wa mji mmoja ameandika alichokiona na wa mji mwingine naye ameandika. Nefazodoni ilinaswa kwa karatasi hizo. Duloksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 na baadaye, mwaka 2007, ikaruhusiwa kutibu wasiwasi wa kudumu, ilipata onyo lake la ini mwaka 2005, mwaka mmoja tu baada ya kuingia sokoni: asipewe mnywaji mkubwa wa pombe wala mwenye ugonjwa sugu wa ini. Yaani mfumo huo ulishindwa kuwa na haraka mara moja, na ukawahi mara nyingine. Mzizi unaouzwa kwenye chupa isiyo na jina la mtengenezaji hauna mfumo wowote wa kuwahi wala kuchelewa.

Hapo ndipo kisa cha kava kinapokuja, na sijui kisa kingine kinachofundisha zaidi. Kava ni mzizi wa mmea wa jamii ya pilipili manga, unaolimwa Vanuatu, Fiji, Tonga, Samoa na visiwa vingine vya Pasifiki. Wenyeji huuponda, huukamua kwa maji na kuunywa barazani, katika kupokea wageni na kusuluhisha ugomvi. Humtuliza mtu bila kumlewesha kama pombe. Wazungu walipousikia waliutamani, na kufikia miaka ya 1990 vidonge vya kava vilikuwa vikiuzwa kwa wingi Ujerumani, Uswisi na Marekani kwa watu wenye wasiwasi, wengi wao wakiwa ni wale wale walioikimbia Valium. Kisha taarifa zikaanza kumiminika. Ripoti ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa ya Novemba 2002 ilihesabu watu 11 waliotumia bidhaa za kava, maini yao yakashindwa kazi na wakapandikizwa mengine. Ujerumani iliiondoa sokoni Juni 2002. Uingereza ikaipiga marufuku mwanzoni mwa 2003. Watu hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wamechagua kile walichoambiwa ni salama kwa sababu kilitoka ardhini.

Watu wa Pasifiki walikasirika, na hoja yao lazima ijibiwe kwa heshima, kwa kuwa ndiyo hoja ile ile tunayoisikia huku kwetu juu ya mitishamba: babu zetu walikinywa kwa karne nyingi, mbona hawakufa kwa ini? Sehemu ya hoja hiyo ina nguvu. Kinywaji cha kijijini ni mzizi na maji, kutoka kwenye aina za kava zilizochaguliwa kwa vizazi. Vidonge vya Ulaya vilikamuliwa kwa pombe kali au asetoni, na inadaiwa kwamba baadhi vilitumia maganda na sehemu za juu za mmea ambazo mwenyeji hatazigusa. Kitu kilichotolewa kwenye utamaduni wake na kubanwa ndani ya kidonge si kitu kile kile tena. Lakini sehemu ya pili ya hoja haisimami. Tatizo linalompata mtu 1 kati ya makumi ya maelfu haliwezi kuonekana na mzee wa kijiji hata awe na hekima namna gani. Atamwona mtu mmoja maishani mwake akigeuka manjano na kufa, na atakuwa na sababu kumi za kueleza kifo hicho. Uzoefu wa karne unatosha kutuambia kwamba kitu hakiui watu wengi. Hautoshi kutuambia kwamba hakimuui yeyote. Na hilo linawahusu wauguzi wa hospitali sawasawa na waganga wa kijiji.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tathmini ya taarifa 93 za wagonjwa wa ini waliokuwa wametumia kava. Katika hizo, 8 tu ndizo zilizoonyesha uhusiano wa karibu kati ya kava na ini kuumia. Nyingine 53 ziliwekwa kwenye fungu la "huenda", kwa kuwa maelezo hayakutosha au mgonjwa alikuwa na sababu nyingine iliyowezekana. Idadi hiyo inaeleza kisa kizima. Zaidi ya nusu ya ushahidi uliowatikisa wakulima wa visiwani na kuwatia hofu wagonjwa wa Ulaya ulikuwa na mapengo: mgonjwa alikunywa nini kingine, kwa muda gani, alipimwa virusi gani? Mwaka 2014 mahakama ya Cologne ikasema marufuku ya Ujerumani haikuwa na msingi wa kutosha. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaiondoa kava tena. Miaka 17 ya mvutano, na katikati yake mtu wa kawaida aliyetaka tu kujua kama kidonge hiki kitamdhuru. Jibu lililo bora zaidi lilitoka Australia mwaka 2020, katika jaribio la watu 171 wenye wasiwasi wa kudumu, waliofuatiliwa kwa wiki 16. Kava haikuwapa nafuu kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa, na vipimo vya ini vilivyotoka nje ya kiwango vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa kava, ingawa hakuna ambaye ini lake liliumia kweli. Kwa maneno mengine, hatari ilikuwa ndogo, lakini faida iliyopaswa kuilipia haikuonekana. Huo ndio ulinganisho tunaopaswa kuudai kwa kila dawa, na hauwezi kufanyika kwa kuangalia picha ya jani kwenye chupa.

Kava si pekee. Ashwagandha, mzizi wa tiba ya Kihindi unaouzwa siku hizi kama kiondoa msongo, umehusishwa na ini kuumia: mwaka 2020 watafiti walieleza wagonjwa watano, watatu wa Iceland na wawili wa Marekani; hakuna ambaye ini lake lilishindwa kazi, na vipimo vya wanne vilirudi kawaida. Mtandao wa watafiti wa Marekani unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa uliona kwamba sehemu ya wagonjwa wao iliyotokana na mitishamba na virutubisho ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 20 kati ya 2004 na 2013. Simtaji mganga wa tiba asili kuwa adui. Nchini Tanzania kazi yake inatambuliwa na sheria tangu mwaka 2002, na mimea mingi ya kweli imetupa dawa za kweli. Ninachosema ni kwamba mmea wenye nguvu ya kutuliza ubongo una kemikali, na kemikali hiyo itapita kwenye ini kama nyingine.

Sasa tuje nyumbani, maana mambo yetu yana tabaka ambazo Mjerumani wa mwaka 2002 hakuwa nazo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini aina ya B ya kudumu, na ni asilimia 13 tu waliokuwa wamegunduliwa kuwa nayo. Afrika ni miongoni mwa maeneo yaliyobeba mzigo mkubwa zaidi. Virusi hivyo hulala miaka mingi, kisha huamka ghafla, na vikiamka macho huwa manjano na vipimo hupanda kama vile mtu amelishwa sumu. Kama wiki tatu kabla alianza dawa ya wasiwasi, nani atalaumiwa? Mfikirie pia mgonjwa wa kifua kikuu. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, tatu kati ya dawa nne anazoanza nazo, zote huweza kuumiza ini. Ugonjwa wenyewe humtia mtu hofu na kumnyima usingizi, na akitafuta diazepamu, isoniazidi huichelewesha mwilini huku rifampisini ikiiharakisha. Wagonjwa wengi wa virusi vya UKIMWI walitumia efavirenzi kwa miaka kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, na efavirenzi ilijulikana kwa mambo yote mawili: ndoto mbaya na wasiwasi upande mmoja, ini upande mwingine. Kuna pombe, ya chupa na ya kienyeji. Kuna miraa, ambayo watafiti wa Harar nchini Ethiopia waliihusisha na ugonjwa sugu wa ini, na ambayo humfanya mtu akeshe hadi atafute kidonge cha kumlaza. Katika msongamano huo, kukinyooshea kidole kidonge cha wasiwasi kwa sababu tu ndicho kilichoingia mwisho ni kumkamata mgeni kwa kosa lililofanywa na wenyeji.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo. Inafaa kwenye mambo ya mtaa, lakini ni hakimu mbaya wa dawa. Hata wataalamu waliobobea huteleza. Mtandao ule wa Marekani ulipopima upya damu ya wagonjwa 318 walioaminika kuwa wameumizwa na dawa, 9 walionekana kuwa na dalili za maambukizi mapya ya homa ya ini aina ya E, virusi vinavyosambaa kwa maji machafu na ambavyo hakuna aliyefikiria kuvitafuta. Hao ni wagonjwa wa hospitali kubwa, nchini Marekani. Kwa hiyo daktari anayekataa kusema "ni dawa" mara anapoyaona macho ya manjano anafanya kazi yake, wala haitetei kampuni. Hutaka kujua dawa ilianza lini na manjano ilianza lini, huiondoa na kutazama kama vipimo vinashuka, hutafuta virusi, huuliza pombe, huuliza mitishamba. Uhusiano unaotajwa kuwa "huenda" unapaswa kubaki "huenda" mpaka maswali hayo yajibiwe, na hauruhusiwi kutupwa kabla hayajajibiwa. Hapa nawapinga pia madaktari wanaomjibu mgonjwa kwa mkato kwamba dawa haina shida, ameze tu. Mtu aliyeanza dawa mpya kisha akapata mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwasho wa mwili mzima, kichefuchefu kisichoisha au macho ya manjano anapaswa kupimwa siku hiyo hiyo. Mtaalamu Hyman Zimmerman wa Marekani aliona miongo mingi iliyopita kwamba dawa ikiumiza seli za ini hadi manjano itokee, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa. Hilo si la kusubiri hadi Jumatatu.

Watasema zahanati zetu hazina uwezo wa kumpima ini kila anayeandikiwa dawa ya usingizi. Ni kweli, na wala hakuna anayedai hivyo. Kwa benzodiazepini au sertralini upimaji wa kila mtu ungekula fedha bila kumwokoa mtu. Kuna dawa chache ambazo lazima vipimo viende nazo, kama agomelatini, ambayo masharti yake Ulaya yanataka ini lipimwe kabla ya kuanza na tena mara kadhaa ndani ya miezi sita ya kwanza, na nchi isiyoweza kupima isiwape watu wake dawa hiyo. Kwa nyingine, kinachohitajika hakina gharama ya maabara: maswali matatu kabla ya kuandika cheti, yaani pombe, homa ya ini na kila kingine kinachomezwa, na sura isiyomhukumu anayejibu. Mgonjwa huficha dawa za mitishamba kwa sababu aliwahi kukaripiwa alipozitaja. Anayekaripia ameharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Na ushahidi huo tunauhitaji wa kwetu. Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, Kenya mwaka 2010. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huku, na Bodi ya Dawa na Sumu kule, hupokea taarifa za madhara, ya dawa za hospitali na ya mitishamba pia, na si lazima mtoa taarifa awe na uhakika. Inatosha kushuku, mradi aeleze kilichotumiwa na lini. Mgonjwa wa macho ya manjano akifika zahanati leo, na mhudumu akamuuliza kwa upole ametumia nini katika miezi sita iliyopita, na akavitaja vyote, kidonge na mzizi, pombe na miraa, tarehe kwa tarehe, basi faili lake halitakuwa la 54 katika lile fungu la "huenda".